Runinga Imefika Ahero, Kioo Kimepasuka: Nani Alipe?

Makutano ya Ahero hayana saa ya kulala. Hapa ndipo barabara inayotoka Nairobi kupitia Kericho inapokutana na ile ya Kisii, mwendo mfupi kabla ya kuingia jiji la Kisumu. Kwa miaka mingi mzigo ulioupa mji huu jina ni ule unaotoka: magunia ya mchele kutoka mashamba ya umwagiliaji ya nyanda za Kano. Siku hizi kuna mzigo mwingine, ule unaoingia. Ni makatoni yaliyozungushiwa selotepu, yameandikwa jina na nambari ya simu kwa maka peni, yanashushwa kwenye buti la basi na kufungwa nyuma ya bodaboda.

Mengi hufika salama. Yale yasiyofika salama ndiyo huzaa ugomvi ambao wengi hawajui pa kuupeleka.

Tuchukue mfano wa runinga ya inchi 32. Mnunuzi wa Ahero ameiona Facebook, wakaelewana bei kwa WhatsApp na muuzaji aliyesema ana duka Luthuli Avenue, Nairobi, pesa zikatumwa kwa M-Pesa jioni ile ile. Kesho yake katoni inafika, pembe moja imebonyea. Mnunuzi anatia saini kwenye daftari la mizigo, bodaboda anailaza runinga juu ya kiti, safari ya nyumbani inaanza. Runinga inapowashwa, sauti inatoka vizuri, lakini nusu ya picha ni nyeusi na nusu ya pili imejaa mistari ya rangi. Ukiipapasa kwa kidole huenda usisikie ufa wowote, kwa sababu kilichopasuka kipo ndani. Mafundi hukiita paneli, na kwa runinga ndogo bei ya paneli mpya mara nyingi hukaribia bei ya runinga yenyewe.

Hapo ndipo mzunguko unapoanza. Muuzaji anajibu kwamba aliituma ikiwa nzima, waulizwe watu wa basi. Watu wa basi wanaonyesha maandishi madogo nyuma ya risiti, yanayosema mzigo husafirishwa kwa hasara ya mwenyewe. Bodaboda anaapa kwamba aliipokea vile vile ilivyokuwa. Kufikia jioni kila mmoja ameshajitoa, na mnunuzi amebaki na katoni sebuleni.

Ajabu ni kwamba katika mzozo wa namna hii sheria ya Kenya haiko kimya, na sehemu kubwa iko upande wa mnunuzi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro ya bidhaa. Chini ya Katiba kuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji, nambari 46 ya 2012, iliyoanza kutumika tarehe 14 Machi 2013. Sheria hiyo inamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana kwamba bidhaa yake ni ya ubora unaostahili kuuzwa, hata kama hakutamka neno lolote kuhusu waranti.

Nyuma ya hizo mbili ipo sheria kongwe zaidi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, iliyorithiwa kutoka Uingereza enzi za ukoloni. Inataka mali ilingane na maelezo yaliyoiuza. Ukiambiwa simu ni mpya, ikafika imeshatumika, muuzaji amevunja mkataba. Ukiambiwa friji inagandisha, ikafika haigandishi, ni vivyo hivyo. Tena kanuni hiyo ya maelezo inamfunga hata mtu wa kawaida anayeuza kitu chake cha zamani. Ile ya ubora humfunga yule ambaye kuuza bidhaa za aina hiyo ndiyo kazi yake. Tofauti hiyo ni muhimu kwa anayenunua kochi kuukuu la jirani: huyo hana dhamana ya ubora, lakini picha na maneno yaliyomvutia bado yana uzito.

Vipi basi kuhusu kile kibandiko kinachopendwa madukani, kwamba mali ikiuzwa hairudishwi? Kwa bidhaa mbovu, maneno hayo hayana nguvu ambayo wenye maduka huyapa. Sheria ya 2012 inabatilisha kifungu chochote cha mkataba wa mtumiaji kinachojaribu kufuta dhamana zinazotolewa na sheria. Kibandiko kinaweza kumzuia mteja aliyebadili nia kwa sababu rangi haikumpendeza. Hakiwezi kumzuia aliyeuziwa kitu kibovu.

Kuna pia kipengele kilichoandikwa mahususi kwa ununuzi wa mtandaoni. Kabla ya kufunga mkataba kwa intaneti, muuzaji anapaswa kumweleza mnunuzi habari muhimu, kumpa nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa, na baadaye kumpa nakala ya makubaliano. Asipofanya hayo, mnunuzi hupata haki ya kuvunja mkataba ndani ya muda uliowekwa. Wauzaji wengi wa WhatsApp hawajawahi kusikia habari ya kipengele hiki. Kutokijua hakuwaondolei wajibu.

Swali gumu ni la njiani. Runinga ikipasuka kati ya Nairobi na Ahero, hasara ni ya nani? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaanza kwa jibu linalomtisha mnunuzi: kwa kawaida, mali ikikabidhiwa msafirishaji huhesabiwa kuwa imekabidhiwa mnunuzi. Lakini haiishii hapo. Inamtaka muuzaji afanye mipango ya usafiri inayofaa kulingana na aina ya mali. Asipofanya, na mali ikaharibika au ikapotea, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba alikwisha kukabidhiwa. Runinga bapa inatakiwa isafiri ikiwa imesimama, ikiwa na maboya yake, yaani vikinga vya povu gumu, ndani ya katoni. Aliyeituma bila maboya, bila kuandika popote kwamba ni kioo, akaitupa chini ya magunia, hawezi kusema mzigo ulimtoka mikononi ulipopanda basi. Na ikiwa waliafikiana tangu mwanzo kwamba muuzaji atafikisha bidhaa hadi mlangoni, hoja yake ya kumsukumia msafirishaji inazidi kupungua nguvu.

Kwa hiyo haki ipo. Kinachomwangusha mnunuzi wa Ahero ni mambo mawili ya kawaida kabisa: hana ushahidi wa hali ya mzigo ulipofika, na hajui kwa jina ni nani hasa aliyemuuzia.

Tuanze na ushahidi. Dakika tano za kwanza kwenye ofisi ya mizigo zina thamani kuliko wiki mbili za kubishana kwa simu. Katoni ikiwa imebonyea, imelowa au imefunguliwa, ipigwe picha ikiwa bado kaunta, huku lebo na jina la kampuni ya usafiri vikionekana. Kwenye daftari la kupokelea, kabla ya saini, mpokeaji aandike maneno machache: "katoni imebonyea pembe ya kulia, bado haijakaguliwa." Saini tupu humaanisha mzigo ulipokewa ukiwa salama, na hiyo ndiyo karatasi ambayo msafirishaji ataitoa baadaye.

Kisha kifurushi kifunguliwe huku simu ya mtu wa pili ikirekodi video bila kukatizwa, kuanzia selotepu ikiwa bado imefungwa hadi kifaa kinapowashwa. Nambari ya utambulisho ya kiwandani iliyo nyuma ya kifaa isomwe kwa sauti au ionekane wazi. Video inayoanza katikati, kifaa kikiwa tayari mezani, huacha pengo ambalo muuzaji atalitumia: nani ajuaye kama hakuiangusha mwenyewe? Vyombo vya umeme viwashwe pale pale penye umeme ikiwezekana, hata kama ni kwenye kibanda cha jirani anayekodisha chaji.

Baada ya hapo malalamiko yaandikwe siku hiyo hiyo. Simu ya kupiga haiachi alama, ujumbe unaacha. Ujumbe mzuri ni mfupi: tarehe ya kununua, kiasi kilicholipwa na nambari ya muamala wa M-Pesa, kilichoharibika, picha na video, na ombi moja lililo wazi, ama kubadilishiwa, ama kutengenezewa, ama kurudishiwa pesa, pamoja na siku ya mwisho ya kupewa jibu. Matusi hayasaidii. Anayesoma ujumbe huo miezi mitatu baadaye anaweza kuwa hakimu.

Jambo la pili, la kumjua muuzaji, linategemea mahali ununuzi ulipofanyika. Kenya ina majukwaa yanayobeba dhima tofauti kabisa, ingawa kwenye simu yote yanafanana. Jumia, iliyoingia nchini mwaka 2013, na Kilimall, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2014, ni masoko yanayowakutanisha wauzaji wengi na wateja, lakini oda, malipo na usafirishaji hupitia kwenye mfumo wao. Wana utaratibu wa kurudisha bidhaa wenye muda wake maalumu, na mteja akichelewa anaupoteza. Masharti hayo hubadilika, kwa hiyo yasomwe siku ya kununua. Yapasa pia kuangalia jina la muuzaji kwenye ukurasa wa bidhaa, kwa kuwa mara nyingi siye mwenye jukwaa.

Jiji, iliyochukua biashara ya OLX nchini Kenya mwaka 2019, ni ubao wa matangazo. Wanaokutana kupitia hapo hulipana wenyewe na kukaguliana mali wenyewe. Facebook, WhatsApp na TikTok ziko mbali zaidi: hapo mnunuzi anashughulika na nambari ya simu na picha tu, na picha yenyewe huenda imechukuliwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Kulikuwa na njia nyingine iliyowafaa watu wa mashambani. Kampuni ya Copia iliwatumia mawakala, wengi wao wenye vioski, ambao mwanakijiji aliwaendea kuagiza na kupokea bidhaa. Kasoro ikitokea, kulikuwa na uso wa kuendewa, mtu anayefahamika kijijini. Mwezi Mei 2024 Copia iliwekwa chini ya wasimamizi, na mtindo huo ukafifia. Ulionyesha kwamba malalamiko hutatuliwa haraka pale ambapo anayelalamikiwa anataka kuuza tena kesho kwa mtu yule yule.

Upande wa malipo, watu wengi hudhani ujumbe wa M-Pesa ukipelekwa kwa 456 pesa hurudi zenyewe. Huduma hiyo ya Safaricom iliwekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kimakosa. Haikuundwa kuamua kama runinga ilikuwa mbovu, na mpokeaji akishatoa pesa hakuna cha kurudisha. Kuna pia wanaoitumia vibaya, wakipokea bidhaa nzima kisha kudai walikosea nambari. Huo ni udanganyifu. Kilicho cha maana zaidi ni aina ya nambari inayolipwa. Malipo ya Lipa na M-Pesa kwa biashara hutaja jina la biashara, na jina lililosajiliwa linaweza kutafutwa rasmi kwenye eCitizen kupitia Huduma ya Usajili wa Biashara. Nambari ya mtu binafsi huonyesha jina la laini, ambalo huenda si la anayeuza.

Muuzaji akikataa au akinyamaza, hatua inayofuata ni barua ya madai, inayorudia yale yale kwa lugha rasmi na kumpa siku za kulipa. Haihitaji wakili. Wengine hulipa hapo hapo, kwa kuwa barua huonyesha mtu amejiandaa kwenda mbele.

Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, hupokea malalamiko ya watumiaji kuhusu maelezo ya uongo na mienendo isiyo ya haki. Mwezi Machi 2020, korona ilipoingia, iliiagiza Cleanshelf, mtandao wa supamaketi, kuwarudishia wateja pesa kwa vitakasa mikono vilivyouzwa kwa bei iliyopandishwa. Mamlaka hii hufaa zaidi pale kampuni inapowafanyia wateja wengi jambo lile lile. Kuhusu bidhaa zisizofikia viwango, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ndilo mlango wa kubisha. Na ikiwa muuzaji hakuwa na bidhaa yoyote, alichukua pesa akambloku mteja, hilo limeshatoka kwenye mzozo wa kibiashara. Kupata mali kwa hila ni kosa la jinai, na kituo cha polisi ndicho kinachohusika.

Kwa mtu mmoja mwenye runinga moja iliyopasuka, chombo kilichotengenezwa kwa ajili yake ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, na ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021. Kisumu nayo inayo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya kuuza bidhaa, na hutakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Mlalamishi anaweza kujisimamia mwenyewe. Mahakama hii haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi zinazowatesa watu kwingineko, kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp, picha na ujumbe wa M-Pesa hupata nafasi ya kusikilizwa. Tangu Machi 2024 mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao umeenezwa katika mahakama za nchi nzima, na mtu wa Ahero anaweza kuanza safari hiyo kwenye saiba. Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za kisheria tu.

Hata hivyo hukumu haijilipi. Mshtakiwa lazima apatikane, apewe hati za kesi, na baadaye awe na mali ya kukamatwa akikaidi. Anayejulikana kwa jina moja la Facebook na laini iliyozimwa hashitakiki kirahisi. Ndiyo sababu jina kamili na mahali pa biashara vinapaswa kuulizwa kabla ya pesa kutumwa, wakati muuzaji bado ana hamu ya kujibu.

Ahero yenyewe haiko upande wa wanunuzi peke yake. Wapo wanaouza mchele kwa wateja wa Nairobi na Nakuru kupitia kurasa za mtandaoni, na ugomvi huwageukia: gunia limefika limechanika, mchele umepata unyevu, kilo zimepungua, au mteja anadai amepelekewa aina nyingine. Sheria ile ile inayomlinda mnunuzi wa runinga inamfunga muuzaji wa mchele. Naye anajikinga kwa njia zile zile: kupiga picha gunia likiwa kwenye mizani, kuandika aina ya mchele kwenye risiti, kushona vizuri na kuweka karatasi ya plastiki ndani msimu wa mvua, na kumwambia mteja mapema nani anabeba hasara ya njiani. Muuzaji mwenye picha ya mizani haogopi mteja mwongo.

Kwingineko duniani majaribio ya kutatua mizozo hii yametoa somo moja. Mwaka 1999 eBay, soko la mtandaoni la Marekani, lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Massachusetts kujaribu upatanishi kwa barua pepe, na mizozo zaidi ya 200 ikashughulikiwa kwa wiki chache. Baadaye mfumo wake wa kompyuta ulitajwa kuwa unashughulikia mizozo milioni 60 kwa mwaka, mingi bila mtu wa tatu kuingilia. Umoja wa Ulaya ulifungua jukwaa lake la malalamiko mwaka 2016 na ukalifunga mwezi Julai 2025 kwa sababu lilitumiwa na wachache. Tofauti kubwa kati ya hayo mawili ni kwamba jukwaa la Ulaya halikuwa na mamlaka juu ya muuzaji wala pesa. China iliona hilo mapema: tangu 2004 huduma ya malipo ya Alipay imekuwa ikizishikilia pesa za mnunuzi hadi athibitishe kwamba mzigo umefika sawa.

Kwa Kenya, hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Mahakama ya Kisumu inaweza kumaliza kesi kwa siku 60, lakini jukwaa linaloshikilia malipo linaweza kuimaliza kwa siku 3, bila nauli wala hati. Majukwaa yanayovuna kamisheni kwa kila oda yanapaswa kuthibitisha jina na makao ya kila muuzaji na kumpa mteja habari hizo akilalamika. Kampuni za mabasi zinazotoza pesa za mizigo ziache kujificha nyuma ya risiti na kuanza kukagua katoni mbele ya anayetuma na anayepokea. Na mnunuzi asimtumie mgeni pesa zote kabla ya kuona bidhaa: alipe akipokea, au alipe kupitia jukwaa lenye utaratibu wa kurudisha. Muuzaji anayekataa yote mawili, na asiyetaka kutaja duka lake liko wapi, aachwe na runinga yake.